Shule ikifungwa ghafla: WhatsApp, redio, karatasi au simu ya kitochi?

Kwenye kikao cha wazazi cha muhula uliopita, hapa kwetu Moshi, alikuja kijana mmoja nadhifu na kompyuta mpakato, akatandika kitambaa cheupe ukutani na kutuonyesha "darasa la mtandaoni". Mwalimu anaonekana kama yuko runingani, ubao unajiandika wenyewe, mtoto akipatia jibu zinamwagika nyota. Wazazi wakapiga makofi. Baba mmoja aliyekaa nyuma kabisa, fundi baiskeli wa Pasua, akanyoosha mkono: "Na sisi wa kitochi?" Kijana akajibu kwamba hilo linafanyiwa kazi.

Kamati ikagawanyika papo hapo. Kuna waliotaka tuchangishane tulipie huo mfumo, ili shule zikifungwa tena tusikutwe tumekaa kama mwaka 2020. Kuna waliosema redio ipo, haili bando, ya nini kuhangaika. Mama mmoja anayeuza mitumba Kiboriloni akasema watoto wapewe karatasi za maswali, kwisha maneno. Mwalimu mkuu akanigeukia: "Mwalimu wa Hisabati, wewe ndiye msomaji. Tuletee ulinganisho."

Nimesoma wiki kadhaa, usiku, madaftari yakishasahihishwa. Natanguliza jibu langu ili asiye na muda asihangaike. Kwa shule ya msingi ya serikali yenye watoto wengi na pesa kidogo, ningeanza na simu ya kawaida ya sauti, mtoto akiwa na karatasi ya maswali mkononi. Redio ningewapa wadogo, tena kwa masharti. WhatsApp ningeiacha kwa walimu wenyewe na, huko sekondari, kwa watahiniwa wa kidato cha nne. Soma na sababu lakini, maana shule yako huenda haifanani na yangu.

Tunajiandaa na nini hasa?

Ukisema shule kufungwa, watu wanawaza korona. Sisi wa kaskazini tuna haki ya kuikumbuka: mgonjwa wa kwanza nchini, aliyetangazwa tarehe 16 Machi 2020, alitua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kugundulika Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Kidato cha sita walirudi 1 Juni, waliobaki 29 Juni, kama wiki 15 hivi. Majirani zetu Kenya walikaa zaidi; madarasa machache yalirudi Oktoba 2020, mengine Januari 2021. Uganda ndiyo iliyoumia kuliko wote, kuna madarasa ambayo hayakurudi shuleni mpaka tarehe 10 Januari 2022.

Ila kuna kufungwa kudogo kudogo ambako hakutangazwi na waziri. Masika yakikolea, njia za upande wa chini zinajaa maji na nusu ya darasa haionekani siku tatu, siku nne. Na mwishoni mwa Oktoba 2025, kuanzia siku ya uchaguzi, intaneti ilizimika nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku zile mfumo wa yule kijana ungekuwa kitambaa cheupe tu.

Na kuna jambo ambalo mtu wa mjini mkubwa hawezi kuliwaza: shule ikifungwa Moshi, watoto hawabaki Moshi. Mwaka 2020, wiki ya pili tu, darasa langu lilikuwa limetawanyika. Wengine wamepandishwa mlimani kwa bibi, Uru na Kibosho. Wengine wako Chekereni wanafukuza ndege kwenye mpunga. Wawili Dar kwa shangazi yao. Wengine wanashinda na mama sokoni. Kwa hiyo njia yoyote inayodai mtoto awe mahali fulani, saa fulani, na kifaa fulani, tayari imeshawapoteza wengi kabla haijaanza kufundisha.

Kipimo nilichotumia

Watafiti wana kipimo chao cha desimali ambacho ukikisoma kwenye kikao wazazi wote wanainamia simu zao. Nimekigeuza. Chukua watoto 100, wapange mstari kwa alama, kuanzia wa mwisho mpaka wa kwanza, kisha simama kwa yule wa katikati. Ukimpa yeye peke yake ile njia ya kufundishia, atawapita wenzake wangapi? Namba zote nitakazotaja za "kupita wenzake" ni za mstari huo, na ni za kukadiria.

WhatsApp na madarasa ya mtandaoni

Nianze na nchi ambayo mtandao si tatizo. Uholanzi ilifunga shule wiki 8 tu, na karibu kila nyumba ina intaneti ya kasi. Watafiti Per Engzell, Arun Frey na Mark Verhagen wakalinganisha matokeo ya watoto wapatao 350,000 wa shule za msingi, mtihani wa kabla na wa baada. Mtoto wa katikati alirudi nyuma hatua tatu hivi kwenye mstari. Inaonekana kidogo, lakini wao wenyewe walipiga hesabu wakakuta ni sawa na sehemu moja ya tano ya mwaka wa masomo, yaani karibu sawasawa na muda ambao milango ilikuwa imefungwa. Kwa maneno mengine, kwa wastani mtoto alikaa nyumbani na intaneti yake nzuri na hakusogea. Kwa watoto ambao wazazi wao hawakusoma sana, hasara ilizidi kwa asilimia 60.

Sasa pima na Italia, mwaka uleule. Michela Carlana na Eliana La Ferrara waliendesha mpango ambao wanafunzi wa vyuo vikuu walijitolea kufundisha kwa intaneti, mwanachuo mmoja na mtoto mmoja, saa tatu kwa wiki. Watoto walikuwa wa familia za hali ya chini. Mtoto wa katikati aliwapita wenzake kama 10. Intaneti ni ileile, ila safari hii upande wa pili kulikuwa na mtu anayemsubiri huyu mtoto, anayejua jana alikwama wapi.

Grupu letu la WhatsApp la 2020 lilikuwa la aina ya kwanza. Nilirekodi video ya sehemu, dakika sita, nimekata chungwa vipande vinne. Nilijiona mwalimu wa kisasa. Waliofungua walikuwa wachache, na baba mmoja akanipigia kuniuliza kama nitarudisha bando lake. Siku mbili baadaye grupu lilikuwa limejaa picha za "asubuhi njema", mchango wa msiba wa mtu nisiyemjua, na daftari moja lenye majibu yote sahihi kwa mwandiko ambao kwa vyovyote haukuwa wa mtoto wa darasa la nne. Nikaweka vema. Ningefanyaje?

Mahali ambapo WhatsApp inashinda ni kwa wakubwa wanaojisukuma wenyewe. Kidato cha nne anayejua mtihani uko mbele yake, mwenye simu ya kioo ya kaka, anapiga picha swali la Fizikia lililomshinda na kulituma. Mwalimu anajibu kwa sauti iliyorekodiwa. Faili la sauti halili bando kama video. Hiyo inafanya kazi. Na kwa walimu kugawiana maswali na namba za wazazi, hakuna kilicho bora zaidi.

Redio, na runinga kidogo

Redio inadharauliwa bure. Nchini Nicaragua, katika miaka ya 1970, kulikuwa na mradi wa kufundisha Hisabati kwa redio ulioshirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Baadhi ya madarasa yalipewa vipindi vya redio, mengine vitabu, mengine yakabaki kama yalivyo. Mtoto wa katikati wa darasa la vitabu aliwapita wenzake kama 13. Wa darasa la redio aliwapita zaidi ya 30! Sijaona njia nyingine hapa yenye namba kama hiyo.

Ila angalia walivyoifanya. Sauti ya redioni inauliza swali, inanyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja kwa kelele, inasema jibu, inaendelea. Na watoto wako pamoja, na mwalimu yupo anawatazama. Zanzibar walifanya hivyohivyo kuanzia 2006 kwa watoto wadogo, kipindi kikiitwa Tucheze Tujifunze: vikundi vya mtaani, barazani au chini ya mti, redio katikati na mlezi mmoja anayewaongoza kuimba na kuhesabu.

Wazee wa hapa hawahitaji mfano wa Nicaragua. Waulize kuhusu kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Redio Tanzania ilirusha vipindi kwa wiki 12, lakini vijijini kulikuwa na vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefundishwa, na vijitabu mkononi. Watu kama milioni mbili walishiriki. Walisikiliza, wakajadili, wakatoka wakaenda kuchimba vyoo.

Mwaka 2020 tulichukua redio tukaacha kikundi. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye runinga, na nawapongeza waliovitengeneza haraka vile, lakini mtoto alikuwa peke yake. Tena redio ya nyumbani ina mwenyewe. Kwa bibi yule wa Kibosho nitakayemtaja punde, redio ni ya babu, na babu anasikiliza taarifa ya habari, matangazo ya vifo na mpira, basi. Kipindi cha Sayansi saa nne asubuhi kitaingilia wapi?

Kuhusu runinga nitapita haraka. Vibonzo vya Akili and Me vya shirika la Ubongo vilijaribiwa Morogoro na watoto wadogo waliovitazama walijifunza kutambua namba, kuhesabu na kuchora kuliko wenzao. Mexico imefundisha sekondari kwa runinga tangu 1968, lakini huko runinga iko darasani na mwalimu yupo. Kwa mwenye runinga na mtoto wa chekechea, vibonzo hivyo ni msaada wa kweli. Kwa darasa la nne hadi la saba sijaona cha kunishawishi.

Simu ya sauti

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo utafiti ulipo mwingi na ndipo nilipobadilisha mawazo.

Botswana, 2020. Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walichukua familia kama 4,500 zenye watoto wa darasa la tatu mpaka la tano na kuzigawa kwa bahati nasibu. Kundi moja halikupata kitu. La pili lilipata ujumbe mfupi wa simu kila wiki wenye maswali ya hesabu. La tatu lilipata ujumbe uleule, pamoja na simu ya dakika 15 hadi 20 kwa wiki: mwalimu anapiga, mzazi anamwita mtoto, wanaweka spika, wanafanya swali pamoja. Matokeo? Ujumbe peke yake haukuonyesha faida ya kueleweka. Ujumbe na simu ulimpeleka mtoto wa katikati mbele ya wenzake kama 5. Ndani ya wiki chache, kwa simu yoyote ile, hata ile iliyofungwa mpira.

Baadaye wakarudia kazi hiyo katika nchi tano: Kenya, Uganda, India, Nepal na Ufilipino, familia zaidi ya 16,000. Safari hii mtoto wa katikati aliwapita kama 13 kwa simu, na kama 3 kwa ujumbe mtupu. Kuna kitu kilichonifurahisha mimi kama mwalimu wa serikali: huko Nepal na Ufilipino simu nyingine zilipigwa na walimu wa serikali wenyewe, na hawakushindwa na watu wa mashirika.

Kabla hujakimbilia kununua vocha, soma na Sierra Leone. Huko pia walimu waliwapigia watoto, zaidi ya 4,000 kwenye utafiti huo, na mtihani haukusogea hata chembe, si Hisabati, si lugha; wawe walimu wa serikali au wa binafsi. Njia ileile, jibu kinyume. Nililala na swali hilo siku mbili.

Tofauti ninayoiona mimi iko kwenye kazi ya ile simu. Sierra Leone ilitumika kusindikiza vipindi vya redio, na mtoto mmoja kati ya watatu, hata baada ya kupigiwa, alisema havisikilizi kabisa. Watafiti wenyewe wanasema huenda hilo ni sehemu ya sababu. Katika zile nchi tano, mwalimu alianza kwa kumpima mtoto: anajua kujumlisha? kutoa? kuzidisha? Simu inayofuata inaanzia pale alipokwama, hata kama darasani kwake wenzake wako kwenye desimali.

Hili nililielewa kwa sikio langu kabla sijalisoma. Mei 2020 niliamua kumpigia mtoto mmoja, nimwite Elibariki, kwa sababu karatasi zake zote zilikuja na makosa yaleyale na nilikuwa nimeshachoka kuweka mkasi. Akapokea bibi yake, yule wa Kibosho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Hujambo? Na hayo magonjwa ya huko chini? Ngoja nimwite, yuko kwa ng'ombe. Na hapa inakata, tutasogea ukingoni mwa kihamba."

Nikasikia majani ya migomba, mbwa, kisha pumzi ya mtoto aliyekimbia. Nikampa swali: 52 toa 17.

"Arobaini na tano, mwalimu."

"Nieleze ulivyofanya."

"Saba toa mbili, tano. Tano toa moja, nne."

Muhula mzima nilikuwa nadhani hajui kutoa. Kumbe anajua sana, ila anatoa namba ndogo kwenye kubwa popote zilipo, juu au chini. Kwenye karatasi kosa hilo na kosa la kubahatisha yanafanana. Nikamwambia: bibi ana machane matano ya ndizi kumi kumi, na ndizi mbili pembeni. Mteja anataka ndizi 17. Kimya. Akasema mbili hazifiki saba. Kimya tena. Halafu sauti ya bibi, kwa mbali, kwa hasira ya mfanyabiashara: "Si uvunje chane moja!"

Akavunja. Kumi na mbili toa saba, tano. Machane manne toa moja, matatu. Thelathini na tano. Tulifanya mengine manne ya namna hiyo na bibi hakutoka. Kila tukifika pabaya anadakia. Simu nzima haikufika dakika 20, na kwa dakika hizo nilifanya kile ambacho karatasi sita hazikufanya.

Sasa ubaya wake. Wa kwanza ni hesabu ya muda. Darasa la watoto 60, dakika 15 kila mmoja, ni dakika 900, yaani saa 15 za kuongea kwa wiki. Hakuna koo la mwalimu linaloweza. Ukichagua 20 walio nyuma zaidi, ni saa 5, na hapo inawezekana. Waliobaki wanaweza kusaidiwa na wengine: Bangladesh walitumia wanafunzi wa vyuo vikuu waliojitolea kuwapigia mama na watoto wa vijijini kila wiki, na watoto walisogea mbele sana. Sisi tuna wanachuo wa ualimu wa Marangu, Patandi na Monduli ambao shule zikifungwa nao wako nyumbani. Sijui kwa nini hatujawaomba.

Wa pili, simu ni ya mama, na mchana mama yuko sokoni nayo. Piga baada ya saa moja usiku, na uwe tayari kwa "namba unayopiga haipatikani" kwa sababu chaji imeisha na umeme hakuna. Kubali kubipiwa, na upige wewe. Dakika ni gharama ya shule. Ukimwachia mzazi salio liwe lake, umeshawachuja maskini.

Wa tatu ni usalama. Mtu mzima anayempigia mtoto wa watu kila wiki ni jambo la kuangaliwa. Kwetu sharti litakuwa moja: simu inapitia kwa mlezi, spika imewashwa, mlezi anakaa hapo.

Na simu haifundishi kila kitu. Kuhesabu, kusoma kwa sauti, imla, ndiyo. Ramani, maumbo, au kumfundisha wa darasa la kwanza herufi "b" inageukia wapi, utajitesa.

Karatasi

Mama wa Kiboriloni yuko sahihi nusu. Karatasi haina chaji wala bando, na ukiiacha dukani kwa Mangi itachukuliwa na mtoto akija kununua chumvi. Kutoa kopi steshenari kunagharimu, lakini gharama yake unaijua mapema. Tatizo ni lile la ujumbe mfupi wa Botswana: swali linakwenda, na hakuna anayesikia mtoto alivyofikiri. Zilizorudi kwangu 2020 zilirudi zimechelewa wiki mbili, zingine na mafuta ya maandazi, na mtoto alishasahau aliandika nini.

Ndiyo maana nataka zote mbili pamoja. Karatasi iwe ndogo, upande mmoja, maswali nane. Simu ikipigwa mwalimu anaiangalia yake na mtoto yake. Swali la tatu, haya, nisomee.

Vishikwambi, kwa kifupi

Kuna jaribio kubwa lililofanyika nchini mwetu lenyewe. Kwenye shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 hivi vya Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili zisizohitaji intaneti, na vituo vya kuchajia kwa jua. Wengi wao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 kiwango hicho kilipungua kama nusu. Ni ushahidi mzuri kwamba mtoto anaweza kujifunza kwa mashine ikiwa mashine inamngoja na kumsahihisha. Lakini nani atanunua? Vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 walipewa walimu. Changu ninacho, kinanisaidia kutunza orodha za watoto. Mtu akija na ufadhili wa vishikwambi tusimfukuze. Mpaka aje, tuendelee na tulivyo navyo.

Basi wewe uchague nini?

Kama shule yako ni ya binafsi, mchepuo wa Kiingereza, kule Arusha, Njiro au Sekei, wazazi wana simu za kioo na nyumba zina intaneti, lipia huo mfumo ukipenda. Ila usikubali darasa la watoto 40 mbele ya video. Wagawe kwa vikundi vya watatu au wanne, kila kikundi na mwalimu anayewasikia wakijibu. Uholanzi walikuwa na kila kitu isipokuwa hicho.

Kama ni sekondari ya kata, WhatsApp kwa kidato cha nne na cha pili, sauti iliyorekodiwa kuliko video, na simu kwa wale wasiojitokeza kabisa. Ukiona namba ya msichana imezimwa wiki mbili, usiandike "hapatikani" ukaendelea. Mtume mtu nyumbani kwao.

Kama uko Longido au Monduli ndani, mifugo imehama na mtandao unashika juu ya kilima tu, usidanganywe na simu wala intaneti. Hapo ni kikundi cha boma, redio moja, kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, na karatasi. Mtu ni Afya ilifika vijijini bila mnara wa simu hata mmoja.

Wa chekechea, la kwanza na la pili popote walipo: redio au vibonzo, lakini pamoja na mtu mzima au dada mkubwa anayejibu nao. Bila huyo, ni kelele tu nyumbani.

Sisi, shule ya msingi ya serikali ya upande wa chini wa Moshi, nimependekeza simu na karatasi kwa darasa la tatu hadi la saba. Na nimeomba fedha kidogo zibakizwe kwa ajili ya siku milango itakapofunguliwa. Baada ya tetemeko la Pakistan la Oktoba 2005 shule zilifungwa wiki 14 hivi, karibu sawa na zetu. Tahir Andrabi na wenzake walipowapima watoto miaka minne baadaye, wale waliokuwa karibu na ufa wa tetemeko walikuwa nyuma kwa mwaka mmoja na nusu wa masomo. Wiki 14 zilizaa mwaka na nusu, huenda kwa sababu walirudi wakakuta mwalimu anaendelea na sura inayofuata. Isipokuwa watoto ambao mama zao walimaliza shule ya msingi, hao hawakuachwa. Kwetu, wiki mbili za kwanza za kurudi ziwe za kumpima kila mtoto na kumwanzishia alipo, hata kama ratiba ya mada itachelewa na mkaguzi atauliza.

Kamati imekubali, kwa shingo upande. Kijana wa kompyuta tumemwambia arudi akiwa na kitu cha kitochi.

Kazi iliyoanza ni ya daftari la namba. Nimekuta namba nyingi za darasa langu zimekufa: mzazi kabadilisha laini, simu imeuzwa, mwingine aliandika namba ya jirani waliyekosana. Kwa hiyo tunaandika upya, kwa penseli, namba tatu kwa kila mtoto, na tunazipiga palepale mwenyewe akiwa amesimama mbele yetu. Bibi wa Kibosho alishuka Jumamosi na mkungu wa ndizi kichwani, kwa sababu sasa ana mjukuu mwingine darasa la tatu. Akanipa yake, ya Mangi wa jirani yake, na ya mwanawe aliyeko Dar. Nikazipiga. Ya kwanza ikaitika ndani ya kanga yake.

"Hiyo ndiyo ya hesabu," akasema. "Hizo nyingine ukinikosa."